Siku Bahari Iliponiangukia Kasulu

Habari hii inanitia aibu mpaka leo, na nisingeisimulia kama si kwamba Kasulu nzima wanaijua tayari na wanaisimulia vibaya (wapo wanaosema nilikuwa nimevaa nguo ya kuogelea, jambo ambalo si kweli, nilivaa gauni, tena la heshima, ila tu halikuwa na mikono). Bora niseme mwenyewe, halafu mkitaka kucheka mcheke kwa usahihi.

Mimi naitwa Jenerosa. Nilisomea utalii chuoni Mwanza, nikahitimu, nikarudi nyumbani Kasulu na cheti changu, mahali ambapo mtalii ukimwona ujue amepotea njia ya kwenda kuangalia sokwe. Nikawa natafuta kazi mtandaoni, natuma maombi huku na kule, mpaka nikaona tangazo la mama mmoja mwenye nyumba za wageni kule Paje, Zanzibar, anatafuta mtu wa kujibu simu na ujumbe wa wageni. Nikatuma. Nikasahau.

Siku aliyopiga, mabomba ya mtaani kwetu yalikuwa yamekauka, na mimi nilikuwa kisimani na madumu, kuna foleni, kuna kelele, akina mama wanagombania zamu. Simu inakwaruza. Nikasikia sauti ya mama wa pwani, laini kabisa, inaniuliza, "Uko kisimani?" Nikashangaa, nikaangalia nyuma yangu kama kuna mtu ananichungulia, nikajibu, "Ndiyo mama, niko kisimani, umejuaje?" Akafurahi mno. Akasema yeye anaitwa Bi Zuwena, anakaa Maskati na mumewe, na amechoka kupata watu wa mbali wasiojua lolote, kumbe Mungu kamletea mtu aliye hapohapo. "Kwa hiyo uko Paje penyewe au Jambiani?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa ameniuliza kisimani. Alikuwa ameniuliza kisiwani.

Jamani, ilikuwa ni kusema neno moja tu. Ningesema, "Samahani mama, hatukuelewana," yakaisha. Lakini kazi nilikuwa naitaka kwa moyo wote, na zamu yangu ya maji ilikuwa imefika, na yule mama nyuma yangu alishaanza kunisukuma kwa dumu. Nikasema, "Paje."

Basi nikawa mkazi wa Paje. Nilijifunza kisiwa kwa ramani na video mpaka nikakijua kuliko njia ya kwenda kwa shangazi yangu Busunzu. Mgeni akiniuliza chumba kipi kizuri namwambia, akiuliza samaki wapi namwelekeza, akiuliza hali ya hewa naangalia kwenye simu kwanza, halafu namjibu, "Leo jua kali sana ndugu yangu," huku nimejifunika blanketi (nyie mnajua baridi ya kwetu asubuhi). Haji, mtunza nyumba wa Paje, nilimwambia naishi Mjini. Watu wa Mjini wakiniuliza, niko Paje. Kazi ilikwenda vizuri, wageni wakaongezeka, Bi Zuwena akaanza kuniita mwanangu.

Halafu akaja na wazo. Siku hizi, akasema, kuna watu kazi yao ni kompyuta tu, hawana haja ya ofisi, wanaweza kuja kukaa kisiwani mwezi mzima, wanafanya kazi asubuhi na jioni wanaogelea. Anataka kuwafungulia nyumba zake. Atawaita mawakala wa safari wa Dar, Arusha na Nairobi kwenye kikao cha video, na atakayewaeleza maisha hayo yalivyo ni mimi. "Wewe si ndiyo unayaishi?" akaniambia. "Kaa ufukweni, wakuone na bahari nyuma yako. Ukinifanikishia hili, Jena mwanangu, nakupa ajira ya kudumu, utasimamia nyumba zote."

Ajira ya kudumu. Mnajua nyumbani kwetu ni nani mwenye ajira ya kudumu? Hakuna. Sikulala.

Wazo la kwenda studio ya Boni Picha lilikuwa langu mwenyewe, sina wa kumsingizia. Boni ana lile pazia la siku nyingi, lenye bahari ya bluu na minazi miwili, ambalo nusu ya wanandoa wa Kasulu wamepigia picha mbele yake. Niliangalia picha moja kwenye simu nikaona kabisa kama Paje. Nikamwomba anifungie studio asubuhi ile, aweke taa kali iwe jua, aniwashie feni iwe upepo wa bahari, na yeye asimame mlangoni asiruhusu mtu. Boni akaniangalia akasema, "Dada, mimi nimezoea kuwadanganya watu sura, sijawahi kuwadanganya mkoa." Lakini akakubali.

Asubuhi ile kulikuwa na ukungu. Mimi niko kwenye stuli, gauni bila mikono, miwani ya jua, feni inanipuliza, meno yanagongana. Nikafungua kikao, wakaanza kuingia mmoja mmoja mpaka kioo kikajaa nyuso, na Bi Zuwena juu kabisa na ushungi wake mweupe, anatabasamu kama mama wa bi harusi. Akanikaribisha. Nikaanza. Nilisema vizuri, sitawadanganya, nilisema jinsi unavyoamka unasikia bahari, unafungua kompyuta yako kibarazani, unamaliza kazi miguu ikiwa kwenye mchanga, mpaka mimi mwenyewe nikatamani kwenda.

Mvua ikaanza. Na mvua ya kwetu haibishi hodi. Ilishuka juu ya bati kwa mara moja, na wakala mmoja wa Arusha akauliza, "Samahani, hizo kelele ni nini?"

"Ni mawimbi," nikasema. "Bahari leo imechangamka."

Nikamwona Bi Zuwena anakunja uso kidogo. "Saa hizi? Mbona maji yamekupwa saa hizi?" Kabla sijapata jibu, feni ikaingiza upepo chini ya pazia, likaanza kupanda na kushuka, na dada mmoja wa Nairobi akasema kwa upole, "Mnazi wako unakunjika katikati." Nikasema ni mtandao. Siku ile mtandao niliutwika kila kitu.

Na hapo mlango ukafunguka.

Akaingia shangazi Verediana, dada yake baba, ametoka Busunzu na basi la alfajiri kuja kuchukua picha za kipaimara za mjukuu wake, amelowa, amejifunika kitenge kichwani, na Boni nyuma yake ananifanyia ishara za kuomba radhi (baadaye aliniambia, "Ulitaka nimzuie shangazi yako kwenye mvua? Mimi nimezaliwa na watu"). Shangazi aliponiona uso ukamng'aa, akasimama pale pale, akapiga makofi taratibu na kusema, "Mwakeye."

Sasa kwa ambaye si Muha, nikueleze. Kwetu mkubwa akikusalimu asubuhi hivyo, huitikii kama mtu anayejibu simu. Unachuchumaa, unapiga makofi nawe, unaitikia taratibu, anakuuliza ya nyumbani, unamjibu, unamuuliza yake. Hili halipiti kichwani kwanza. Tangu hujaota meno unafundishwa, magoti yanalijua lenyewe. Nilikuwa katikati ya sentensi ya machweo ya jua, na kabla sijajua ninafanya nini nilishashuka kwenye stuli, nimechuchumaa, napiga makofi, "Ego, mwakeye." Kwenye kikao watu wameona mtu ametoweka na makofi yanasikika kutoka chini.

Nilipotaka kuinuka haraka, kiatu kikakanyaga pindo la pazia. Fimbo ya juu ikang'oka. Bahari yote, na minazi yake miwili, ikanishukia kichwani.

Nikawa nahangaika humo ndani kama paka kwenye gunia. Simu ilibaki imesimama kwenye stendi yake, inaonyesha vizuri kabisa kilichokuwa nyuma ya bahari: ukuta wa Boni, umejaa picha za pasipoti, na juu yake maandishi makubwa mekundu aliyoyachora mwenyewe, TUNAPIGA PICHA ZA HARUSI NA KIPAIMARA, KASULU MJINI.

Ningekufa basi ingekuwa nafuu. Lakini shangazi alikuwa ameona kwenye kioo kuna watu, na shangazi hawezi kuwaona watu asiwasalimu. Nilipotoa kichwa nje nikamkuta amekaa kwenye stuli yangu, kwenye jua langu la taa, anapiga makofi, anawasalimu. "Mwakeye." Akasubiri. Akarudia, maana kwake asiyeitikia huenda hakusikia. Yule dada wa Nairobi akapiga makofi, akajaribu, "Mwa... mwakeye, mama." Mwingine naye akaitikia. Wakaendelea hivyo mpaka wote wanapiga makofi kama wako kwenye sherehe.

"Huko kwenu mvua zimenyesha?" shangazi akawauliza. Wakasema huku zimenyesha, huku bado. "Sisi Mungu ametujalia, maharage yamestawi. Karibuni Kasulu. Huyu ni mtoto wa kaka yangu. Hana muda wa kula, hana muda wa kusuka, mchana kutwa na hiyo simu anajibu wageni, hata kwenye msiba wa mjomba wake alikuwa nyuma ya jiko anamwelekeza Mzungu mahali pa kulala. Mpeni kazi yake."

Hapo Bi Zuwena akaingia kati. Akamwambia shangazi, "Shikamoo mama," kwa adabu, akapokea marahaba yake, kisha akawaomba radhi mawakala na kufunga kikao. Mimi hakunitazama.

Nililia pale chini juu ya pazia, sioni aibu kulisema. Shangazi aliponiuliza nikamweleza yote. Akafikiri kidogo.

"Hicho kisiwa kina nini ambacho sisi hatuna?"

"Bahari, shangazi."

"Basi si ungesema hatuna bahari."

Simu ikalia. Nikapokea nikijua ni ya kufukuzwa. Bi Zuwena akauliza jambo moja tu, "Uko wapi?" na nikamjibu niko Kasulu, mkoa wa Kigoma, na sijawahi kutia mguu Zanzibar. Nikamwambia na ya kisimani. Akacheka mpaka akakohoa, nikaanza kupata matumaini, halafu sauti yake ikabadilika.

"Siku ile lilikuwa kosa la masikio," akasema. "Miezi yote iliyofuata ulikuwa ulimi wako. Mie mwenyewe nipo Maskati, Jena. Unadhani nilitaka mtu wa kisiwani kwa sababu ya kupunga upepo? Nilitaka mtu akimwambia mgeni chumba kina kivuli, basi kivuli kiwepo." Nikasema, "Nisamehe mama." Akasema msamaha nitauomba kwanza kwa mawakala, mwenyewe, kwa mdomo wangu, na ajira ya kudumu niisahau kwa sasa. "Kisha utakwenda Paje. Ulale kila chumba, ufungue kila dirisha. Ndipo tuone kama wafaa."

Kesho yake niliwaomba radhi, nimevaa sweta, nyuma yangu mgomba wa watu. Walicheka, lakini hawakuwa wabaya, na wawili walisema wataleta wageni. Na baada ya wiki chache nikafika Paje, mimi mwanamke wa milimani, nimeungua mabega siku ya kwanza kwa sababu mimi niliyekuwa nawashauri wageni wote wajipake mafuta ya jua nilidhani hayanihusu.

Bahari sitaieleza, mtaniona mshamba. Niwaambie ya chumba. Kuna kile cha ghorofani ambacho kila mara nilikisifia kwamba ukiamka unaiona bahari kutoka kitandani, kama picha za zamani zilivyoonyesha. Nikalala humo, nikaamka, nikafungua dirisha. Ukuta. Jirani alishapandisha nyumba yake, na mgeni aliyekuwa awasili kesho yake alikuwa amechagua chumba hicho kwa ajili ya hiyo bahari, kwa maneno yangu. Alikuwa dada mmoja mfasiri wa Dodoma, anakuja kumaliza kazi yake kwa utulivu. Nilikaa kitandani na simu mkononi muda mrefu, nikijua nikimwambia ukweli huenda akaahirisha, na Bi Zuwena ananipima kwa vichwa vya wageni. Nikamwandikia. Nikasema chumba hakioni bahari, kinaona ukuta wa jirani, ila kuna kivuli siku nzima, meza ipo, na ufukwe ni mwendo mfupi kwa miguu. Nikampelekea Bi Zuwena naye nakala ili asije akasikia kwingine.

Dada wa Dodoma akajibu kwamba ukuta hauna neno, bahari ingemchelewesha kazi. Jioni Bi Zuwena akatuma ujumbe mfupi wa sauti: "Nimeisoma. Sasa uko kazini, mwanangu."

Siku hizi ninafanya kazi yangu nikiwa Kasulu, kwa ajira ya kudumu, na kisiwani nakwenda kila msimu kufungua madirisha. Mtu akinipigia akaniuliza niko wapi, namtajia mpaka kiti nilichokalia. Na simu yoyote ikikwaruza naikata, nampigia mwenyewe upya, hata kama foleni ya maji imefika zamu yangu.