Nilimpima dume la mahari akiwa amelala, nikamkodia kirikuu ya mikate

Wakuu, shikamooni mliokula chumvi nyingi, na mambo vipi kwa wa rika langu.

Nianze na ujinga wenyewe, ili atakayecheka acheke mapema tuendelee.

Nilitumwa kutafuta gari dogo la kubeba dume kubwa la ng'ombe. Nikaenda kumpima dume huyo akiwa amelala chini, anacheua. Nikaandika vipimo kwenye daftari la Physics. Nikafunga daftari, nikajiona injinia.

Na hii si chai. Mashahidi wapo Nyamuswa na Butiama, na mmoja wao ana kwato.

Mimi ni form three, tunakaa Mukendo hapa Musoma, mimi, mama na bro wangu Magesa. Mama ni fundi cherehani, hilo likumbukeni. Mzee alishafariki, kwa hiyo mambo yote ya ng'ombe anayashika bamdogo Wambura, ambaye yuko Nyamuswa na zizi.

Bro amepata mchumba Butiama, anaitwa Nyangeta. Anachekaga utani wangu hata ukiwa mbovu, kwa hiyo kura yangu alikuwa nayo tangu siku ya kwanza.

Wazee wa upande wake walikuja Nyamuswa kuchagua ng'ombe wa mahari, kama ilivyo kawaida yetu. Wanaingia zizini, wanazunguka, wananyoosha fimbo. Huyu. Na huyu. Huyu hapana. Baba yake shemeji alipofika kwa dume letu kubwa alisimama muda mrefu, halafu akanyoosha fimbo.

Dume hilo tunaliitaga Meneja. Hafanyi kazi yoyote na wote tunamwogopa.

Wenzake walitembezwa kwa miguu mpaka Butiama, wakafika salama. Meneja alibaki kwa sababu kwato ya mbele ilikuwa imevimba. Ikapoa, ila si ya kutembea safari nzima. Ndipo mshenga akaleta ujumbe wa ukweni: Jumamosi kabla ya chakula cha mchana wazee watakuwa wamekaa. Dume afike, ashuke kwa miguu yake, pembe zote mbili ziwepo. Akifika amevunjika pembe au anaburuza mguu hapokelewi, na kikao kinasogezwa mpaka baada ya mavuno.

Bro aliposikia "baada ya mavuno" alikaa kwenye ndoo. Ndoo ilikuwa na maji.

Sasa kwa nini gari dogo? Butiama ni mawe, wakuu. Njia ya kwa kina shemeji inapita katikati ya majabali mawili yaliyosimama kama walinzi wa geti. Fuso haipiti. Canter moja ilijaribu ikipeleka mchanga, ikaacha kioo cha pembeni. Guta la matairi matatu linapita, ila ukimpandisha Meneja nyuma ya guta, mbele dereva anapaa.

Ikabaki kirikuu, kale kapikapu kadogo ka matairi manne.

Kikao cha familia kikauliza nani ataitafuta. Nikanyoosha mkono nikasema, "Hii ni hesabu tu, niachieni." Bro huwaga ananirudishia hayo maneno mpaka leo. Mama akanipa futi yake ya kupimia wateja.

Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo Jumatano nikawa Nyamuswa. Nikamkuta Meneja amelala kivulini. Huyu mwaka juzi alinikimbiza mpaka ndani ya ua wa katani, nikatoka kama mtu aliyepigana na paka saba. Sasa nimwamshe ili iweje? Nikampima kimya kimya kwa nyuma. Mgongo unaishia hapa. Urefu, sawa. Upana, sawa. Asante bosi, endelea kupumzika.

Nikapanda boda mpaka Bunda mjini. Nikapata kirikuu tatu.

Ya kwanza ilikuwa wazi na mbao zinacheza. Nikaikataa, ukweni wangedhani tumeleta kuni.

Ya pili ilikuwa na vyuma virefu pembeni, imara. Dereva akaniambia, "Dogo, hii inabebaga ng'ombe kila mnada." Nikaikataa pia. Sababu yangu ilikuwa kwamba rangi imechubuka. Naomba msinitukane, bado tuko katikati ya uzi.

Ya tatu ilikuwa ya kusambaza mikate. Nyuma ina bodi la bati limezibwa pande zote mpaka juu, jeupe, ubavuni limeandikwa kwa rangi nyekundu MIKATE LAINI KILA SIKU. Kichwani nikamwona Meneja anashuka humo kama mgeni rasmi. Nikatoa futi. Kimo cha bodi kilimzidi Meneja kwa shubiri nzima. Nikampa dereva mkono. Anaitwa Masatu, mtu mwembamba, anaongea kama anayekatwa salio kwa kila neno.

Jumamosi asubuhi Masatu akafika Nyamuswa. Bro yuko ndani ya suti. Bamdogo akapiga mluzi, akagonga fimbo chini mara moja.

Meneja akasimama.

Wakuu, alisimama. Halafu akaendelea kusimama. Kila nikidhani amemaliza, kuna sehemu nyingine inapanda. Nundu ikapita mlango wa bodi, ikapita na paa, ikabaki huko juu inatuangalia.

Masatu akaliangalia gari lake, akamwangalia dume, akaniangalia mimi.

Bamdogo akaniuliza kwa upole, ule upole mbaya.

"Huyu ulimpimaje?"

"Kwa futi, bamdogo."

"Akiwa anafanya nini?"

"Akiwa amepumzika."

Bro akavua koti la suti akalikunja vizuri. Nikajua hilo linakunjwa kwa ajili yangu. Bamdogo akamshika mkono: "Mwache kwanza. Huyu tutamuua jioni, sasa hivi tuna kazi."

Tukampigia yule mwenye vyuma. Yuko Mugango, gari limejaa dagaa.

Jua linapanda. Bro ameanza kuongea peke yake. Mimi nimesimama nyuma ya Masatu, maana ndiye pekee aliyekuwa bado hajanitishia. Akalizunguka gari lake, akagonga paa kwa kidole.

"Hili ni nati," akasema. Akagonga tena. "Linafunguka."

Tukaazima spana kwa kijana wa boda, paa likatoka. Tukaliweka juu ya banda la kuku la bamdogo, kuku wakawa na nyumba ya kisasa kwa siku moja.

Ikabaki shida ya urefu. Nilipopima nilisahau kwamba mtu akilala anakunja shingo. Sasa amesimama wima, Meneja anazidi bodi kama shubiri moja. Hapo ndipo nikasema, "Akae kona kwa kona."

Bamdogo akasema, "Nani amekuuliza?"

Nikachora chini kwa kijiti. Bodi hili hapa, Meneja huyu hapa, ukimsimamisha kwa mstari kutoka kona mpaka kona unapata urefu zaidi. Masatu akauinamia mchoro.

"Dogo yuko sawa," akasema.

Hiyo ndiyo hesabu yangu ya kwanza kuipata tangu darasa la sita, na hakukuwa na mwalimu karibu wa kuiona.

Gari likarudishwa kinyumenyume mpaka kwenye kichuguu kilichokatwa juu, ili Meneja aingie kwa usawa bila kuruka. Tukamwaga mchanga ndani maana bati linateleza. Meneja akaweka miguu miwili, akagoma. Tukavuta, majirani wakaja kusaidia. Tukasukuma. Alitutazama kama mwalimu wa zamu anavyotazama waliochelewa.

Halafu nikaona kitu. Ulimi wake ulikuwa unaramba kona ya bodi. Makombo.

Kwenye kabini Masatu alikuwa na kreti la mikate iliyobaki jana. Nikamega mmoja nikauweka kule mbele. Meneja akaingia mwenyewe, taratibu, kama anaingia ofisini kwake. Kumbe watu wazima sita walikuwa wanapoteza muda.

Ng'ombe akikaa kona kwa kona anaacha pembetatu mbili. Ya mbele kulia nikapewa mimi na kreti. Bamdogo alisema aliyempima ndiye atakayekaa naye.

Masatu aliendesha mwendo wa harusi, spring zimelala kabisa, boda zote zinatupita. Nundu na kichwa vinaonekana juu, ubavuni MIKATE LAINI KILA SIKU. Watoto wakatukimbilia mpaka wakachoka. Mama mmoja wa gengeni akapaza sauti, "Leo mikate imekuja na maziwa yake?" Nikamjibu, "Ni dume, mama." Akasema, "Basi rudini mkabadilishe."

Nilifurahi, wakuu. Nilikuwa juu kule na Meneja, tunakula mkate mmoja huku na huku. Nikasahau kabisa kwamba jioni nauawa.

Tukafika kwenye majabali. Masatu akasimamisha gari, akatoa kichwa dirishani.

"Pembe ya kushoto iko nje," akasema.

Kweli. Kichwa cha Meneja kilikuwa kwenye kona ya kushoto, na pembe imetokeza nje ya bodi kama mkono wa konda. Tukiingia hivyo, jabali linaichukua. Na jabali lilishachukua kioo cha Canter, halina utani. Bro alikuwa ameshuka kabini anatembea mbele ya gari, akaweka mikono kichwani, akageuka kuniangalia. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Dawa ilikuwa moja, Meneja ageuzie uso kulia, kwangu, na aendelee hivyo mpaka tupite. Kwenye kreti ulibaki mkate mmoja.

Nikamega kipande nikakiweka kiganjani. Ule uso ukaja. Mnajua uso wa dume ulivyo mkubwa ukiwa umbali wa mkate? Ulimi ni msasa. Nikasema, "Twende."

Gari likaingia. Bati likakwaruza jabali, sauti ikanipanda mpaka kwenye meno. Nikamega. Nikamega. Mkate ukaisha kabla ya majabali kuisha. Nikaacha mkono pale pale, Meneja akaramba kiganja, akapanda mpaka kwenye kwapa, akaanza kula kola ya shati. Nikamwachia kola.

Tukatoka upande wa pili. Pembe mbili.

Wazee walikuwa wameshakaa. Meneja akashushwa kwenye kijukwaa cha jiwe, miguu minne, hachechemei. Baba mkwe akamzunguka mara tatu. Akashika pembe ya kulia, akashika ya kushoto, akaibonyeza kwato, akamsogelea mdomoni.

"Ndiye niliyemchagua," mzee akasema. Akanusa tena. "Ila mbona ananuka mkate?"

Uwanja mzima ukacheka, vigelegele vikatoka ndani, na cha juu kuliko vyote kilikuwa cha shemeji Nyangeta. Bro akakaa. Safari hii kwenye kiti.

Siku hizi bro akienda ukweni anabebaga mikate miwili, wa mama mkwe na wa Meneja. Akisahau wa mama mkwe anasamehewa.

Funzo langu kwa anayetafuta gari dogo la mnyama mkubwa: mpime akiwa amesimama, shingo imenyooka, hata kama unamwogopa. Angalia juu kuko wazi au kunafunguka. Angalia chini hapatelezi. Na dereva akikuambia gari lake linabeba ng'ombe kila mnada, achana na rangi.

Kama umewahi kubeba mnyama mkubwa kwa kigari, shusha hapa chini tujue ulitokaje. Wa kunitukana pia karibuni, bamdogo alishanifanyisha mazoezi.

Mama hakwenda Butiama, alibaki Mukendo anamalizia sare za sherehe. Jumapili bro akamsimulia yote na kuongeza chumvi. Nikarudisha futi kwa heshima zote, ncha moja imetafunwa na Meneja. Mama hakuinua kichwa. Akamaliza mshono, akakata uzi kwa meno, akasema:

"Tangu nianze kushona, ninayempimaga amelala ni marehemu peke yake. Na yeye harudigi kusema nguo imembana."