Mtani wa Baba

Harufu ya tumbaku ndiyo iliyotuamsha mtaani kwetu Bombambili. Upepo ulipovuma kutoka kiwandani, iliingia kwenye mablanketi, kwenye uji, hata kwenye nywele zetu. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ya Majengo yalianza kujaa sabuni na khanga za kila rangi, na akina mama wa Lizaboni walikuja kwa miguu kuchambua mitumba sokoni. Asubuhi za Juni mlima Matogoro ulijifunika ukungu, nasi tukaenda shule tukitetemeka.

Baba alichambua majani ya tumbaku kiwandani. Jirani yetu, Mzee Mihayo, alikuwa Mnyamwezi aliyeletwa kutoka Tabora kwa kazi hiyohiyo. Sisi Wangoni na Wanyamwezi ni watani, tuna ruhusa ya kutukanana bila kununiana, na wazee hawa waliitumia ruhusa yao vilivyo. Kila asubuhi Mzee Mihayo alisimama uani kwetu na kupaza sauti: "We Mngoni, utakufa lini? Nimechoka kungoja ubwabwa wa matanga yako!" Baba alijibu huku akifunga viatu: "Nitakuzika wewe kwanza, nikusokote kama sigara!" Wakaondoka pamoja wakicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa binti wa miaka tisa, nilimpenda baba kupita kiasi, na hakuna aliyenieleza kwamba utani ni undugu.

Kisha baba akaugua kifua. Hakumaliza wiki mbili.

Siku ya mazishi Mzee Mihayo alitokea amevaa koti la baba, akichechemea kama baba, akikohoa kama baba. Akalala chali mbele ya jeneza na kuapa kwamba halipiti mpaka apewe jogoo. Ndivyo watani wafanyavyo msibani, ili wafiwa wapumue kidogo. Mama, ambaye hakuwa amekula wala kusema kwa siku mbili, alicheka huku machozi yakimtoka. Kicheko kile kilinichoma. Nilimrukia Mzee Mihayo, nikalivuta koti na kupiga kelele: "Wewe ndiye uliyemwua baba! Kila siku ulimwambia afe!"

Shangazi akanidaka mkono. "Nyamaza wewe, huyo ni mtani!"

Lakini Mzee Mihayo alikwisha kuinuka. Alivua koti, akalikunja vizuri, akaniwekea mikononi. "Basi, mama," aliniambia. "Basi." Akaenda kukaa nyuma ya watu wote, akalia kwa sauti. Mama naye alinyamaza, na ilipita miezi kabla hatujamsikia akicheka tena.

Baada ya hapo Mzee Mihayo alipita uani kwetu kimya. Nikimwamkia shikamoo, aliitikia marahaba bila kusimama. Mwaka haukuisha, kiwanda kikapunguza watu, naye akawa mmoja wao. Asubuhi aliyorudi kwao mama aliniambia, "Nenda kamuage babako mdogo." Nilijificha jikoni mpaka basi likaondoka. Majuto ni mjukuu, na wangu amekuwa mtu mzima sasa.

Mwaka jana tulimzika mama. Bombambili imejaa bodaboda, na harufu ya tumbaku wanangu hawaijui. Msibani palikuwa na sare, ratiba, na mshereheshaji mwenye kipaza sauti. Niliwauliza wazee waliobaki habari za Mzee Mihayo. Hakuna aliyejua kama yu hai. Saa nane kamili, kama ratiba ilivyosema, jeneza lilibebwa kwenda kaburini. Nilitembea nyuma yake nikitazama njia, nikiomba mtu yeyote alale pale mbele alizuie. Njia ilikuwa nyeupe, haina mtu.