Vidole vya Mwalimu

Binti wa fundi cherehani, wenzake wa chuo cha urubani walimbandika jina Chura, na jina likamganda. Akiruka na mwalimu, ndege ilitua laini hata sisimizi wa barabarani hawakugeuka usingizini. Akiruka peke yake, ilidunda. Siku moja ilidunda juu mpaka kunguru wakainamisha vichwa kuipisha, na mwenye kubisha abishe.

"Leo ndiyo mwisho," mwalimu alimwambia mlangoni mwa banda la ndege. Huyo mwalimu alikuwa mtu wa tumbo. Akiketi, ndege nzima huinamia upande wake. "Ukidunda tena, mwanangu, kiti chako anapewa mwingine."

"Sawa, mwalimu."

Makanika, mweusi kwa grisi mpaka viwikoni, akadakia: "Dada Chura, nikutandikie godoro kule kwenye lami?"

"Litandike, kaka, ulale mwenyewe."

Wakacheka. Yeye alicheka kwa meno tu.

Akapaa, akazunguka, akaelekeza pua kwenye lami. Bila yule mzito wa pembeni, ndege ilikuwa nyepesi, inaelea tu, haitaki kushuka. Akavuta usukani kidogo kama siku zote, akangoja ule mvuto mdogo wa pili, ule wa kumalizia. Haukuja.

Hapo ndipo akang'amua. Kumbe ule mvuto haukuwa wake hata siku moja! Usukani wa mwalimu umeungana na wa mwanafunzi. Vidole vya yule mzee, kimyakimya chini ya kitambi, ndivyo vilivyokuwa vikiitua ndege.

Ndege ikaanguka kama gunia, ikadunda. Kwa woga akasukuma pua chini. Gurudumu la mbele likakatika, pangaboi la puani likachimba lami, cheche zikaruka, na ndege ikaserereka mpaka majanini.

Akatoka mwenyewe, mdomo ukivuja damu. Mwalimu akafika akihema.

"U mzima, mwanangu?"

"Mwalimu, ulikuwa unanitulia ndege wewe."

Mwalimu akalitazama lile panga lililopinda. "Nilimzika mwanafunzi mmoja," akasema chinichini. "Tangu hapo mkono unajiendea wenyewe."

"Basi mwambie mkuu wa chuo."

Gari la mkuu lilikuwa linakuja, vumbi nyuma. Makanika akaleta kamba ya kukokotea, na safari hii hakuwa na utani.

Mkuu akashuka. "Imekuwaje?"

Binti akamwangalia mwalimu wake. Mwalimu akaangalia viatu vyake.

"Nilishamwonya huyu," akasema.