Pikipiki ya Kiitalia Iliyolala Katika Nyumba Nne

Enzi zetu pale Majengo, ukiuliza pikipiki ya Papa Ramazani iko wapi, ulijibiwa kwa swali: "Kipande gani?" Sisi watoto tulijua majibu yote. Tangi lilikuwa chini ya kitanda cha Mama Nsimire, jirani yetu Mkatoliki kutoka upande wa Bukavu. Magurudumu yalikuwa kwa Kambale, mwenye chukudu, kile kigari cha mbao cha mizigo, yamefukiwa chini ya viazi. Kiti alikuwa nacho Muzee Sumaili, naye hakukificha hata kidogo. Alikifunika kitenge, akakiweka mbele ya mlango wake, akakikalia kutwa nzima huku akiwasalimia wanajeshi waliopita. Mabomba mawili ya moshi yalikuwa kwetu jikoni, na mama aliyatumia kupulizia makaa. Nadhani sisi ndio watoto pekee wa Goma tuliokula sombe, majani ya muhogo, iliyoivishwa kwa bomba la pikipiki ya mashindano.

Ngoja nieleze polepole, ili hata mliozaliwa juzi muelewe.

Papa, baba yangu, alikuwa dereva wa lori wa Mwitalia mmoja aliyenunua kahawa. Huyo bwana alikuwa na pikipiki nyekundu, kuukuu hata wakati ule, yenye silinda mbili na usukani ulioinama mno. Mpandaji alilala kifudifudi juu ya tangi kama mtu anayetafuta sindano iliyodondoka. Vita ya kwanza ilipokaribia, Mwitalia alipanda ndege na begi moja tu. Alimwachia Papa ufunguo, karatasi na neno moja: "Itunze." Papa, mtu wa Maniema aliyelelewa na babu mkali, alilipokea neno hilo kama wasia.

Tatizo la kwanza lilikuwa barabara. Mnaijua Goma yetu: mawe meusi ya volkano, makali kama meno. Lami nzuri ilikuwa kipande kifupi tu, kuelekea mpakani. Papa alitia vitesi, yaani gia, ya kwanza, akatia ya pili, akafika ya tatu, na lami ikaisha. Vitesi ya nne na ya tano alizisoma tu katika kitabu cha pikipiki, nacho kilikuwa kwa Kiitalia, lugha ambayo hakuijua.

Tatizo la pili lilikuwa uasi. Waasi walipoushika mji, chochote chenye magurudumu kilichukuliwa "kwa muda", na muda huo hatukuwahi kuuona ukiisha. Basi Papa akaketi uani na spana zake, akaivunja pikipiki kipande kwa kipande, akagawa vipande kwa majirani.

"Soda atabeba piki," alisema, maana mwanajeshi tulimwita soda, "lakini hatabeba kiti ya Muzee Sumaili."

Injini na fremu vilibaki kwetu, chini ya mkeka. Kitu kimoja hakumpa mtu yeyote: zhikleri. Kwa asiyejua, zhikleri ni kipande cha shaba, kidogo kama punje ya mahindi, chenye tundu jembamba katikati. Hukaa ndani ya karbirateri, na petroli hupita humo kwa kipimo chake kwenda kwenye injini. Pikipiki ile ilikuwa na mbili. Ukizitoa, hata ungekuwa na vipande vingine vyote, umebaki na kitanda cha chuma.

"Zhikleri ni mie mwenyewe," alisema Papa, akazitia mfukoni.

Kila sikukuu ya Idi, baada ya sala na pilau, kila nyumba ilileta kipande chake. Wakatoliki nao walikuja wamevaa vizuri, maana hakuna aliyetaka kupitwa. Papa aliiunga akitueleza kila anachofanya. Hakunikaripia niliposhika kitu; alisema tu, "Polepole, Asha. Angalia kwanza mahali inatokea, ndipo utajua pa kuirudisha." Mpaka leo sijasikia somo bora zaidi, na nimekaa shuleni miaka mingi.

Sitamsifu kwa kila kitu, hata hivyo. Mafuta ya mnyororo yalipokosekana mjini, aliupaka mawese yaliyotoka kwao Kindu. Alisema hakuna chuma kinachokataa mawese mazuri. Chuma hakikukataa, kweli, lakini mbwa wa Mama Nsimire naye hakukataa. Aliulamba mnyororo wote mpaka ukang'aa, na siku tatu alitembea na masharubu mekundu.

Ikishaungwa, tulisubiri ndege. Majengo si mbali na uwanja wa ndege, na zile ndege za mizigo, Antonofu, zilipopita juu ya mabati yetu hata vikombe vilitetemeka. Papa alishika usukani, macho juu. Ndege iliponguruma, naye aliwasha, ili kelele moja ifunike nyingine na wanajeshi wasisikie. Tulijua inawaka kwa sababu ya moshi na kwa sababu Papa alitabasamu. Ndege ikienda, anazima. Jioni kila mtu alirudi kwake na kipande chake. Sisi watoto tuliachiwa fremu tupu tuendeshe kwa midomo, tukafika Kindu, tukafika Italia, na chakula cha jioni kilitukuta palepale uani.

Kisha mlima ukapasuka.

Wenzangu wa rika langu sina haja ya kuwaeleza anga jekundu na harufu ile ya kiberiti. Nitasema tu watu wa avenyu yetu walibeba nini. Mama Nsimire alibeba mtoto mgongoni na tangi kichwani. Muzee Sumaili alikimbia na kiti. Kambale aliacha viazi vyake vyote, akafunga fremu, injini na magurudumu juu ya chukudu, akaelekea Gisenyi, ng'ambo ya mpaka. Chukudu, mnajua, ni mbao tupu na magurudumu mawili ya mti, haina injini hata ya dawa. Safari ndefu kuliko zote ya pikipiki ile ya mashindano ilifanywa juu ya chukudu, na kwenye mteremko, Kambale aliapa, waliyapita magari.

Tuliporudi, nyumba yetu haikuwepo. Mahali pake palikuwa na jiwe jeusi linalofuka, lave, yaani ule moto wa mlima ulioganda, limefika kimo cha madirisha. Tukahamia Keshero kwenye kiwanja cha shangazi, watu saba chini ya bashi moja, turubai la plastiki. Mvua ilikuwa inanyesha kila siku. Mdogo wangu alianza kukohoa, na kila alipokohoa, mama alimtazama Papa.

Wiki hiyo akatokea mfanyabiashara wa Butembo, muuza mabati. Alikuwa amesikia habari za pikipiki, na aliipenda kabla ya kuiona. Atatoa mabati na mbao za nyumba nzima. Ruhusa ya kuisafirisha amekwisha kuipata kwa wakubwa wa waasi. Sharti lake moja: aisikie ikiwaka, Jumamosi, kabla lori lake halijaondoka.

Papa hakulala vizuri.

"Mwenyewe akirudi," alimwambia mama, "nitamuambia nini?"

"Mwenyewe akirudi," mama akajibu, "utamupokea wapi? Mu bashi?"

Ijumaa asubuhi mama alifua, mimi nikishika beseni. Alipofika kwenye kofia ya Papa ya msikitini, vidole vyake vilisimama. Ukingo ulikuwa umefumuliwa na kushonwa upya, kwa mishono mirefu ya dereva. Mama akaukata uzi kwa meno. Zikadondoka zhikleri mbili. Aliniangalia, akaweka kidole mdomoni. Kisha akachukua punje mbili za mahindi, akazitia mlemle, akashona tena kwa mishono mibaya ileile. Papa alivaa kofia yake mchana, akapapasa ukingo, akaenda kusali ametulia.

Jumamosi walikuja wote. Mama Nsimire alitoka Katoyi, alikohamia, na tangi limefungwa kwa shuka safi. Kambale alileta magurudumu. Muzee Sumaili alikabidhi kiti mwisho kabisa, akilalamika kwamba sasa mgongo wake utakufa. Hakuna kipande kilichopotea, hata parafujo. Papa aliunga taratibu mno, akifuta alichokwisha kufuta. Mfanyabiashara alitazama saa.

"Papa Ramazani, uiwashe basi."

Papa alisimama, mikono ikiwa na grisi. "Haiwezi kuwaka. Zhikleri zilibakiaka mu nyumba. Lave ilizikula."

Mama Nsimire alijishika mdomo. Muzee Sumaili ndiye aliyewaka.

"Weye! Mie muzee nilikimbia na kiti kichwani, na viatu nikaacha. Weye ukashindwa kubeba kitu kama punje?"

"Lave ilikuja mbio, muzee."

"Ilikuja mbio kwako tu? Sisi ilitungojaka?"

Mfanyabiashara akaanza kuita dereva wake. Nikamwangalia mama. Akaendea birika.

"Munywe chai kwanza," alisema. "Mugeni haondokaki na kiu."

Akamimina bilauri moja moja, kila mtu na yake, na ya Papa akampa kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Papa alitia kijiko akakoroga. Ikasikika ngri. Akakoroga tena. Ngri, ngri. Alipapasa ukingo wa kofia, akazikuta punje zimo, akachanganyikiwa kabisa. Akachungulia ndani ya bilauri. Chini ya chai, vitu viwili vya shaba vinang'aa. Mama alizichemsha kwanza, nawahakikishia. Hakuwa mtu wa kumnywesha mumewe petroli.

Papa alimtazama mama. Mama alitazama birika. Mdogo wangu akakohoa ndani ya bashi.

Papa akashusha pumzi ndefu. "Ah," akasema, "kumbe zilikuwa mu sukari."

"Sukari ya siku hizi," alisema Muzee Sumaili, "hauwezi kujua banachanganyaka nini mule."

Tulicheka mpaka mfanyabiashara, ambaye hakuelewa, akacheka naye. Papa alizikausha kwa shati lake, akazitia mahali pake na kusafisha mikono. Kwa mazoea aliinua macho akitafuta ndege. Hakukuwa na ndege. Lave ilikuwa imekata uwanja wa ndege. Basi akaiwasha hivihivi, katika kimya cha Keshero.

Hapo ndipo tulipogundua kwamba miaka yote ile hatukuwahi kuisikia. Ilikuwa na sauti nzito, ya chini, kama mzee anayesafisha koo kabla ya kusema jambo la maana. Watoto walitoka kila uzio. Papa aliisikiliza muda mrefu, mkono juu ya tangi, halafu akamkabidhi mgeni ufunguo, akamwambia neno moja: "Itunze." Kabla ya jua kuzama mabati yalikuwa yamepangwa uani, na usiku wa mvua ya kwanza chini yake hakuna aliyelalamikia kelele za matone juu ya bati.

Leo vijana wa Goma kila mmoja ana pikipiki yake, nzimanzima, mpya. Kofia ya usalama wanavaa kwenye kiwiko, nadhani ndiko akili iliko. Jioni wanaifunga kwa minyororo mitatu, nyuma ya ukuta wenye vipande vya chupa juu, na jirani hajui hata rangi yake. Siwalaumu, dunia imekuwa hivyo. Ila huwa najiuliza: mlima ukipasuka tena, nani atakimbia na kipande cha mwenzake kichwani?

Papa sasa ni mzee, haoni vizuri. Mama bado ndiye anayemimina chai, na bado hajasema neno juu ya ile kofia. Akipewa bilauri yake, Papa hanywi mara moja. Anatia kijiko, anakoroga mara mbili, anainamisha sikio, anasikiliza kwanza.