Sajini Aliyenifundisha Kuanguka

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, ya mwisho wa mwezi wa sita, saa moja na dakika ishirini asubuhi. Saa hiyo siibahatishi. Nimeikuta katika daftari langu la siri la kidato cha sita, kwa wino wa bluu: "Tumefika uwanjani. Halima anaongea tu." Nilikuwa na miaka kumi na minane, na haya za kutosha kugawia darasa zima. Mwalimu akiniita, jibu liliishia kooni. Yote niliyoshindwa kuyatamka niliyaandika humo.

Uwanja wenyewe ulikuwa kipande cha udongo mwekundu kando ya mashamba ya mkonge, nje kidogo ya Voi. Chama kimoja cha warukaji wa miavuli kiliipa shule yetu nafasi mbili za mafunzo ya wanaoanza: Jumamosi kujifunza, Jumapili kuruka kutoka kwenye ndege, kila mtu peke yake na mwavuli wake mgongoni. Halima wa darasa letu, binti wa wafanyabiashara wa Bomeni, alijitolea kabla tangazo halijaisha. Mimi niliandika jina langu kwenye karatasi, nikaisukuma chini ya mlango wa ofisi, kisha nikakimbia. Baba yangu, karani wa reli, alitia sahihi ya ruhusa akasema, "Ukivunjika, usiniletee vipande hapa." Lakini nilimwona anaficha tabasamu.

Utaniuliza nilitafuta nini huko juu. Nakuambia ukweli, mwanangu: nilitaka, mara moja tu maishani, nifanye jambo ambalo hakuna mtu angeweza kunifanyia. Nililitaka hilo kuliko cheti chochote.

Mwalimu wetu alikuwa Sajini Mwakio, mzaliwa wa Rukanga, aliyestaafu kutoka kwa askari wa miavuli. Mfupi, mpana kama kabati. Tulikuwa sita: sisi wasichana wawili na vijana wanne wafanyao kazi mjini.

"Kuruka si kazi," alituambia. "Hata gunia la mahindi huruka ukilisukuma. Kamba imefungwa ndani ya ndege. Ukitoka, inavuta mwavuli, unafunguka wenyewe. Kazi ni kufika chini. Ardhi haina adabu."

Basi tukafundishwa kufika chini. Unaruka kutoka kwenye jukwaa la mbao lenye kimo cha mtu, miguu na magoti pamoja, kidevu kifuani. Vidole vikigusa tu, husimami. Unajiachilia upande: kigimbi, paja, tako, bega, unabiringika.

Sasa sikiliza kosa langu. Mimi ni mtoto wa Wusi, kule mlimani. Kwetu shamba limeinama kama paa la nyumba, na msichana akiteleza na debe la maji kichwani, habari zake hufika kanisani kabla yake. Tangu utotoni nilifunzwa kuchimbia kisigino, kunyoosha mgongo na kutoanguka, liwalo na liwe. Kwa hiyo niliporuka kutoka jukwaani, tap! Nilisimama wima kama mlingoti.

Vijana wakapiga makofi. "Aisee, huyu ni paka!" mmoja akasema.

Sikuwahi kupigiwa makofi, mwanangu. Wahenga walisema ngoma ikilia sana hupasuka, lakini nani hulikumbuka hilo wakati ngoma inalia kwa ajili yake? Nikatazama chini, nikatabasamu kwenye kola ya ovaroli.

Sajini hakupiga makofi. "Rudia."

Tap! Nikasimama.

"Rudia."

Nikasimama tena. Moyoni nilijua ninachofanya. Miguu ilisimama kwa mazoea, ndiyo, lakini mimi pia sikutaka kuonekana nimelala vumbini, miguu juu, mbele ya wanaume wanne. Halima yeye alibiringika kama boga lililotoroka, akainuka kilemba kimemfunika jicho. "Wallahi," akasema, "leo nimekula mchanga wa Voi kuliko wali wa mamangu!"

Ilipofika saa tisa alasiri, Sajini akaniita kando. Halima akafuata bila kuitwa.

"Binti wa Wusi, kesho upepo utakuwa unakusukuma na ardhi inakuja. Ukijikaza usimame, utavunjika mfupa. Nikifunga daftari langu saa kumi na moja na hujaanguka hata mara moja, kesho utabaki hapa chini ukiwatazama wenzako. Unaogopa kuumia?"

Nikatikisa kichwa.

"Unaogopa nini basi?"

Nikatazama buti zangu. Halima akashindwa kuvumilia. "Anaogopa kuchekwa, Afande! Huyu hata kupiga chafya huomba ruhusa."

Sajini alicheka mpaka akashika kiuno. Kisha akashusha sauti. "Kule mlimani ulibeba maji ya nyumba nzima. Waliokufunza usianguke walikufunza vizuri. Hapa umebeba nini? Haya zako tu. Zimwage."

Nikajiuliza. Kurudi shuleni na hadithi ya Halima, au kurudi na yangu? Nikavuta pumzi. "Afande," nikasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyoipanga, kila mtu akageuka. "Sijui kuanguka. Nifundishe."

Akanianzisha kama mtoto mchanga. Kwanza nimepiga magoti, kisha nimechuchumaa, kisha nimesimama, mwisho jukwaani. Nilipoanguka mara ya kwanza nililala nikingoja kicheko, nacho kikaja, cha Halima kikitangulia. Nikagundua kitu ambacho sijakisahau hadi leo: kicheko hakichomi. Kilinipita kama garimoshi linavyopita stesheni lisiposimama, makelele mengi, halafu kimya, na stesheni bado ipo. Nikacheka nami. Kufikia saa kumi na moja ovaroli yangu ilikuwa nyekundu kama tofali, na Sajini ameandika jina langu.

Jumapili, baada ya sala fupi, ndege ilipita kwanza chinichini kufukuza ngiri waliojiona wenye uwanja. Kisha tukapanda wanne pamoja na Sajini. Halima na mwenzake mmoja wakabaki kungoja zamu ya pili. Ndege haikuwa na mlango. Nilikaa ukingoni, miguu nje, upepo unanivuta mashavu. Sajini akakagua kamba, akanigonga bega.

"Nenda!"

Nikaenda. Nikahesabu kama tulivyofunzwa: elfu moja, elfu mbili, elfu tatu... mabega yakavutwa, nikatazama juu: mwavuli umetanda mzima, mviringo. Halafu utulivu. Mistari ya mkonge ilikuwa kama nywele zilizosukwa, na mlima Kasigau umekaa peke yake kule mbali. Kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kunisikia, nikalitaja jina langu lote kwa sauti, mpaka la babu. Chini yangu mzee mchunga mbuzi akainua fimbo akaitikia, "Naam!"

Kisha ardhi ikaja, haraka, bila adabu kama nilivyoambiwa. Miguu ikataka kusimama. Nikaikatalia. Kigimbi, paja, tako, bega, mwavuli ukaniburuta hatua chache, mdomo umejaa vumbi. Halima akaja mbio anapiga vigelegele: "Umeanguka! Umeanguka vizuri!" Yule kijana aliyeniita paka alijaribu kusimama wima, akachechemea wiki mbili.

Mwanangu, wahenga walisema kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele, na mimi naongeza: hata kuanguka kuna namna yake, na namna hiyo hufundishwa. Usimwonee haya anayejua. Mwambie "sijui" mapema, ukiwa bado kwenye jukwaa la kimo cha mtu, usingoje uwe angani. Makofi ya wasiojua yasikuzibe masikio usimsikie anayejua. Nakuombea Mungu akupe wa kukuambia "rudia" bila kuchoka na rafiki wa kukucheka bila chuki, na kila utakapoangukia, udongo uwe laini.

Ama kesho yake, Jumatatu, kipindi cha kwanza kilikuwa hesabu. Mwalimu alijaza ubao, akageuka, akauliza kama yuko ambaye hajaelewa. Nikainua mkono wangu uliochubuka, nikasimama, nikasema mpaka waliokaa nyuma wakasikia: "Mimi, mwalimu. Sijaelewa tangu wiki iliyopita."