Sufuria Kubwa ya Wali

Juzi binti yangu alimwonesha baba yangu, ambaye siku hizi haondoki kitandani, picha za vibanda vya mbao vya kukodi ukingoni mwa ziwa, huko Mwanza. Nikakumbuka alasiri moja humu humu ndani, katika nyumba yetu ya mji wa Ibra, Omani.

Aliyelala siku ile alikuwa bibi, mama yake baba. Kiyoyozi kilinguruma, na chumba kizima kilinukia udi na mafuta ya karafuu. Bibi alikuwa anapanga safari ya kwenda kwao ziwani.

"Tukodi kibanda cha karibu na maji, mwanangu."

"Haya, mama," baba akajibu.

"Na sufuria kubwa ya wali tuichukue. Na majamvi yote."

"Tutayachukua, mama."

Nilikimbia kutafuta nguo za kuogelea. Nilidhani ziwa ni kama mabwawa ya Wadi Bani Khalid, ng'ambo unaiona, na magharibi umesharudi nyumbani. Kwetu hapakuwa na safari bila ugomvi. Hata kwenda wadini tu, sufuria ile ilitolewa garini ikarudishwa, baba akifoka, "Kwani tunahama?" Siku ile alikubali kila kitu kwa upole, nami nikaona raha.

Nilikuja kuelewa ukubwani kwamba safari ile isiyo na ugomvi haikuwepo tangu mwanzo.

Juzi baba alizitazama zile picha, akajiinua kidogo kwenye mto.

"Na sufuria kubwa tutaichukua?"

"Tutaichukua, baba," nikajibu.

Akanitazama kwa muda mrefu, kisha akageukia ukutani.