Wasifu wa Mafundi Wawili

Kiwanda alichofanyia kazi baba kilipouzwa, mnunuzi alibakiza walinzi na watu wachache wa ofisini. Mafundi wote waliambiwa waende nyumbani. Baba alikuwa fundi mitambo pale tangu mimi sijazaliwa. Alirudi kwetu kijijini, juu kidogo ya Moshono, akavaa gambuti, akaingia kwenye migomba kama mtu aliye likizo.

Wakati huo nilikuwa nimemaliza kozi ya uhazili, napiga taipu kwenye duka la vifaa vya ofisi mjini. Zamani serikali ilikupangia kazi, ukapewa barua, ukaenda. Sasa kampuni za watalii na mashamba ya maua yalikuwa yanafunguliwa, na matangazo yao gazetini yalidai CV, yaani wasifu wa kazi. Wengi waliokuja dukani hawakujua ni kitu gani. Wengine walileta vyeti vya ubatizo.

Shamba moja la maua lilipotangaza nafasi ya fundi, nilimkatia baba tangazo. Alikuja dukani amevaa koti la kanisani, na karatasi aliyoiandika kwa mkono. Ilianza na ukoo wetu, ikapita kwenye kipaimara, ikafika kiwandani mstari wa mwisho: "Tulifanya kazi vizuri."

"Baba, hapa wanataka kujua ulifanya nini."

"Si nimeandika?"

"Umeandika tulifanya. Wewe mwenyewe je?"

Alinitazama kama nimemuuliza jambo la aibu. "Mama, wasifu wa mtu husomwa na wengine, tena siku ya mazishi yake."

Nikamhoji kidogo kidogo. Bomba la boila la mvuke lilipopasuka, nani aliziba? Vipuri vya nje vilipokosekana, nani alichonga? Nikaandika "niliziba", nikaandika "nilichonga". Ukoo na kipaimara nikaviondoa, uzoefu nikauweka juu. Aliisoma mara mbili, akasema huyo mtu hamfahamu, lakini akaniruhusu niipige kwa Kiingereza.

Kabla sijaipiga akaja rafiki yake, Mchaga wa Sombetini waliyefanya naye kazi karakana moja miaka yote. Naye alikuwa na tangazo lile lile. Nikamuuliza maswali yale yale. Boila, aliziba yeye. Vipuri, alichonga yeye. Nilijua hasemi uongo. Baba naye hakuwa amesema uongo.

"Baba mkubwa," nikamwambia, kama nilivyozoea kumwita tangu utotoni, "baba naye anaomba nafasi hii."

Alilitia tangazo lake mfukoni. "Basi mwite."

Kesho yake walikuja pamoja, wakakaa kwenye benchi karibu na mashine ya fotokopi. Nilitarajia ugomvi. Badala yake walianza kugawana.

"Boila mwandikie baba yako," alisema baba mkubwa. "Ndiye aliyeingia ndani. Mimi nilishika taa."

"Na pampu zote ni zake huyu," baba akasema. "Mimi pampu zilinishinda."

Wakakwama kwenye gia moja waliyoichonga wakati kiwanda kizima kimesimama. Kila mmoja alimsukumia mwenzake. Nikawaambia karatasi mbili zikidai gia hiyo hiyo mbele ya meneja mmoja, zitaleta shaka.

"Mwandikie yeye," baba alisema. "Bado ana watoto shuleni."

Rafiki yake aliangalia sakafu. Hakukataa.

Wote wawili waliitwa kwenye usaili. Shamba la maua lina pampu nyingi, boila halina. Akachukuliwa baba mkubwa. Alipanda mwenyewe mpaka nyumbani kutuambia, na nyama aliyoifunga kwenye gazeti. Walikunywa chai, wakaongea habari za mvua. Alipoondoka, baba alisema kahawa inahitaji kupogolewa. Miezi kadhaa hakushuka mjini. Mama alinikataza kumletea tangazo jingine, nikamtii kwa muda.

Lililofuata nililileta bila kumuuliza mama. Hoteli ya mjini ilitaka mtu wa boila kwenye chumba cha kufulia. Safari hii baba aliichukua karatasi yake, akaikunja, akaenda. Walimwajiri, akafanya kazi pale mpaka magoti yalipomkataa.

Jumapili moja baba mkubwa alipita kwetu baada ya ibada, na fungu la waridi zilizokataliwa kusafirishwa kwa sababu shina ni fupi. Mama alizitia kwenye kopo la maziwa, akaziweka sebuleni.